Tunakalia Mikono Mheshimiwa Akisema

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumamosi asubuhi, 17 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mama anasema ukiinamia cherehani kutwa nzima bila kunyanyuka, mgongo huja kulipiza uzeeni. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, simama ujinyooshe. Umesimama? Haya, kaa sasa.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limepungua uvimbe, ingawa bado anashuka ngazi kiubavu kama kaa. Baba aliamua kupaka jiko rangi mwenyewe, eti fundi wa nini kwa ukuta mmoja, na sasa ukuta una rangi mbili na sakafu ina ya tatu. Tumekatazwa kucheka mbele yake. Paka amezaa ndani ya kapu la sare zangu za shule, tena akachagua sketi mpya. Mimi nimefaulu mitihani yote isipokuwa ule wa kuzungumza mbele ya darasa, na huo tuuache kwanza.

Binti yako Mheshimiwa naye hajambo. Najua macho yako yameruka mistari yote ya juu yakimtafuta yeye, na wala sikulaumu. Anakula vizuri, analala vizuri, na lile gauni la vifungo vikubwa ulilomshonea limeanza kumbana mabegani. Vifungo anavifunga mwenyewe. Chai inaweza kupoa ukimsubiri, lakini anavifunga.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Wewe ndiye uliyeniita Kobe, na mpaka leo mgeni akibisha hodi kichwa changu kinaingia ndani. Kwenye simu ndiyo kabisa. Nasema nzuri, nzuri, haya Mama huyu hapa, basi nimemaliza. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama mdomo. Mwenzako wa kiwandani aliyekuja likizo anarudi huko keshokutwa, na ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Mama ameniambia kuhusu ile nyumba ya bweni. Ameniambia kwamba umempatia mwanao nafasi huko kwenye watoto wenye mahitaji maalumu, na wanataka jibu lako kabla shule hazijafunguliwa. Ameniambia pia kwamba ulilia, na kwamba kilichokuliza ni ile simu ya mwanzoni mwa likizo, ulipomuuliza mtoto hili na lile naye akakaa kimya, mimi ndiye nikawa najibu. Anasema amekula. Anasema amelala vizuri. Anasema anakusalimu. Ukauliza mbona hasemi mwenyewe, wakati ulipoondoka alikuwa anajua kusema Mama njoo, Mama kaa. Ukaona mtoto amerudi nyuma.

Mama Mdogo, hajarudi nyuma. Mimi nilikuwepo, na nataka nikueleze jinsi ilivyokuwa. Ukishasoma, uamuzi ni wako, mimi ni mtoto tu. Ila usiamue kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka chekechea anayokwenda Mheshimiwa uliiona kwa haraka tu, siku ulipokuja kumwandikisha na begi lako la safari likiwa mlangoni. Ni ile nyumba ndefu nyuma ya duka la vioo, zamani ilikuwa ghala la samani. Madirisha yako chini sana, watoto wanaona barabara bila kupanda kitu. Ukiingia unakutana na harufu ya sabuni na rangi za nta, na viatu vidogo vimepangwa kibarazani, viwili viwili, vingine vimegeuziana mgongo kama vimegombana. Haifungwi wakati wa likizo, maana wazazi hawafungi kazi.

Mama goti lilipomzidi, aliniambia likizo hii mimi ndiye nitakayempeleka Mheshimiwa na kubaki naye kusaidia. Nikuambie ukweli, nilinuna. Si kwa sababu yake, kwa sababu ya mlango. Pale mlangoni asubuhi kuna wazazi wote wa dunia hii na kila mmoja anataka umwamkie. Nilikuwa nampeleka mapema kabla hawajafika, Mama akadhani ni bidii.

Mwalimu mwenye chekechea watoto wanamwita Ticha, nami nimezoea kumwita hivyo. Ni mfupi, amesomea kazi yake, na ana jambo moja ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine. Akitaka watoto wanyamaze, hapandishi sauti, anaishusha. Anaishusha mpaka inakuwa mnong'ono, na wale watoto wanaacha walichoshika wanasogea kusikia ni siri gani hiyo. Nikajiambia, kumbe inawezekana kuwa na sauti ndogo na bado ukasikilizwa. Hilo nililiweka moyoni.

Na usidhani alimpokea mwanao kwa maneno matamu tu. Kizingiti kimelazwa ubao ili fremu yake ya kutembelea ipite. Seremala mmoja, ambaye mtoto wake yuko pale, amekata meza kwa ndani nusu duara, Mheshimiwa anaingia mle na kusimama huku meza inamshika kiunoni kama mtu aliyemkumbatia. Vikombe vya mishikio miwili Ticha aliwanunulia wote, si yeye peke yake. Nilimuuliza kwa nini wote. Akasema kikombe cha peke yake kingemwambia mtoto kila asubuhi kwamba yeye ni wa peke yake.

Sasa nije kwenye kosa. Lilikuwa kosa zuri, ndiyo maana lilichelewa kuonekana.

Mwanzoni watoto walimwogopa. Unajua anavyotokwa na mate akijitahidi kusema, na mkono unavyoruka wenyewe. Daktari alituambia sote kwamba akili yake ni nzima, mwili ndio mzito kutii, lakini mtoto wa miaka minne humwelezi habari za daktari. Basi Ticha akaleta kofia ya njano. Kila siku mtoto mmoja anaivaa, na mwenye kofia ndiye msaidizi wa Mheshimiwa siku hiyo. Hofu ikaisha mara moja. Ikaisha kupita kiasi.

Mama Mdogo, ungeona vita vya ile kofia. Watoto walikuwa wanaamka alfajiri kwao ili wawahi. Mwenye kofia anamshikia kikombe, anamfuta mdomo, anamwekea rangi mkononi na kuuendesha mkono wake kwenye karatasi, halafu anakuja kuonyesha picha, Ticha, tazama Mheshimiwa alivyochora. Yuko mvulana mmoja, mimi namwita Mkia, huyo hata siku isiyo yake alikuwa nyuma ya mwanao kutwa nzima. Anataka maji, Ticha. Hataki hiki, Ticha. Anataka kukojoa, Ticha. Na Mheshimiwa amekaa katikati yao kama bibi harusi, ameinamisha macho, hasemi. Ile fremu ilisukumwa ukutani, watu wakawa wanatundikia aproni.

Na nyumbani mimi nikaendeleza yale yale. Hapa ndipo ninapoona haya kuandika, lakini nimeshaanza. Shuleni kwetu, kama unavyojua, tunasoma kwa lugha nyingine. Mwalimu akiuliza swali mimi jibu ninalo, ila ninalo kwa lugha ya nyumbani. Mpaka nimalize kuligeuza na kulipanga vizuri, swali limeshahamia dawati la mbele. Hata ule mtihani nilioufeli niliufeli hivyo hivyo, nimesimama, maneno yako njiani, muda umekwisha. Lakini nilipokuwa namsemea Mheshimiwa, maneno yalitoka kama maji. Anasema hivi, anasema vile. Kumsemea mtu mwingine ni rahisi, aibu haikupati, maneno si yako. Nilimsemea kwa jirani, nikamsemea dukani, nikamsemea kwako kwenye simu. Hiyo ndiyo wiki uliyopiga.

Aliyegundua ni Ticha. Siku moja Mkia ndiye aliyekuwa na kofia, akaumwa tumbo, akachukuliwa nyumbani kabla ya saa ya maziwa. Vikombe vikagawiwa, watoto wakanywa, na Mheshimiwa akawa anakitazama chake. Mkono uko hapo hapo mezani, haukunyanyuka. Anakitazama kikombe kana kwamba ni kazi ya kikombe kumfuata. Ticha alikuwa anafuta meza. Akasimama na kitambaa mkononi, kwa sababu yeye alikumbuka kwamba siku zake za kwanza pale huyu mtoto alikuwa anakinyanyua mwenyewe, anamwaga nusu, anakunywa nusu, na anacheka. Nilimwona Ticha anakaa polepole kwenye kile kiti cha watoto, akakaa hapo mpaka wengine wakaanza kumpandia mapajani.

Kesho yake aliwakusanya wote kwenye mkeka. Akapiga magoti mbele ya Mheshimiwa, uso kwa uso, akamwambia:

"Nimekosea, mama. Nilizichukua kazi zako nikawapa wenzako. Leo nakurudishia."

Mimi sijawahi kusikia mwalimu akimwambia mwanafunzi nimekosea. Nilitazama chini kana kwamba nimeona kitu kisichonihusu. Watoto wenyewe hawakushtuka. Walichouliza wote kwa pamoja ni habari ya kofia, na walipoambiwa kofia imestaafu, kuna waliolia. Sasa anaivaa dubu wa kitambaa, na hakuna anayemtii.

Halafu Ticha akawauliza kwa nini wanamsaidia kabla hajaomba. Walifikiri. Mkia, aliyekuwa amepona na kurudi, akasema yeye hataki, ila mikono inaenda yenyewe. Ticha hakumcheka. Akamwambia, basi ikalie.

Ndivyo ilivyoanza. Mheshimiwa akiwa anafanya jambo lake, au anasema neno lake, wote walio karibu wanakalia mikono yao. Akigonga meza, maana yake anaomba msaada, hapo unaenda. Akianguka unaenda bila kuuliza. Vinginevyo unakaa. Mama Mdogo, natamani ungewaona wale watoto wamejipanga kwenye benchi, mabega yamepanda juu, kila mmoja ameatamia mikono yake kama kuku, macho yamewatoka, wanamtazama mwenzao anavyokifuata kikombe. Mkia alikuwa amejiuma na mdomo kabisa. Mkono wa Mheshimiwa ukakosea, ukarudi, ukakosea, ukakishika. Maziwa yalimwagika kifuani. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa imekaliwa, lakini miguu yote chini ya benchi ilikuwa inacheza.

Aliyekuwa mgumu kujifunza ni mimi. Tatizo langu halikuwa mikono, lilikuwa mdomo. Baba alimpa jina la Mheshimiwa kwa utani tu, eti akisimama kuongea hakuna anayejua atamaliza saa ngapi, na sisi tukacheka, lakini hakuna aliyewahi kumsubiri amalize. Siku hiyo Ticha alimuuliza kama anataka maziwa mengine. Mimi nikafungua mdomo kusema ndiyo, maana ndivyo nilivyokuwa nikimsemea siku zote. Ticha akanitazama, nikaufunga. Tukasubiri. Nililiona lile neno linavyokuja, kama mtu mzima anayepanda ngazi na mizigo, anapumzika, anapanda tena. Kisha likafika.

"Si... pendi... maziwa."

Mama Mdogo, mwanao hapendi maziwa. Hajawahi kuyapenda. Tumemnywesha asubuhi na jioni tangu uondoke, na mimi nikiwa nasema mbele ya watu, anasema asante, anasema ni matamu. Nilimwambia Mama jioni ile, akaweka sufuria chini akacheka mpaka akakaa, halafu akaacha kucheka akafuta macho na ncha ya kanga. Sasa anakunywa chai ya rangi, na anaipenda kweli, kwa sababu amesema.

Nisikufiche, si kila mtu alipenda mambo haya. Baba yake Mkia ni dereva wa lori, mtu mwenye haraka, na tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi kwamba Ticha atamwangalia mmoja na kuwasahau wengine. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anasema kwa sauti tu yale ambayo wazazi wengine walikuwa wanayanong'ona wakifunga kamba za viatu. Ticha alimjibu kila mara kwa heshima, aje aketi siku moja aone, naye kila mara akasema hana nafasi, gari linaunguruma nje.

Juzi Alhamisi akapata nafasi bila kupenda.

Pale kabla ya kwenda nyumbani kuna kazi inayopendwa kuliko ile kofia, nayo ni kuita majina. Mtoto wa zamu anakaa kwenye kiti cha Ticha, anamwita kila mwenzake, anayeitwa anajibu "nipo", na majina yakiisha wote wanakwenda kuchukua mabegi yao. Alhamisi zamu ilimfikia Mheshimiwa. Nilimnong'oneza Ticha kwamba labda tungechagua siku ambayo wazazi hawajajaa mlangoni. Akasema zamu ni zamu.

Basi akaanza. Jina la kwanza lilipotoka, wazazi walitabasamu. La pili, bado wanatabasamu. La tatu likakwama. Watoto wamekalia mikono, kimya, hakuna hata anayejikuna. Kule mlangoni watu wakaanza kubadilisha miguu. Funguo za yule dereva zikaanza kulia mkononi mwake, na mwisho akasema, kwa adabu kabisa, kwamba Ticha amsaidie mtoto wa watu amalizie yeye, maana wote hapa wana kazi. Ticha alibaki amekalia mikono yake. Mimi nilikuwa najua majina yote kwa mpangilio, yalikuwa yamejaa mdomoni, na nilibana meno.

Mkia akageuka kwenye benchi akamtazama baba yake.

"Baba, kalia mikono."

Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama unavyomwambia mtu vua viatu, hapa hatuingii na viatu. Yule baba akatoka nje. Nikajua amekasirika, nikajua kesho Mkia hatakuja, na wengine watafuata. Lori likazimika. Akarudi, akatafuta pa kukaa, viti vyote ni vya chekechea, akakaa kwenye kimoja magoti yakamfikia kidevuni, akaingiza mikono chini yake pamoja na funguo zake. Wazazi wengine wakatazamana. Mama mmoja akakaa kwenye kizingiti, mwingine kwenye benchi. Mwisho chumba kizima, wakubwa kwa wadogo, tulikuwa tumekalia mikono.

Mheshimiwa akawaita wote. Sitakwambia ilichukua muda gani, sikutazama saa. Jina la Mkia lilikuja la mwisho, na akajibu "nipo" kwa sauti ya mtu aliyeitwa na rais. Baba yake aliinamisha uso, na kwa kuwa mikono alikuwa ameikalia, hakuwa na cha kuufunikia.

Tulidhani amemaliza. Watoto walianza kuteremka kwenye benchi. Lakini Mheshimiwa hakushuka kwenye kiti, na mdomo ulikuwa unaanza tena. Wakarudi wakakaa. Neno hili lilikuja kwa haraka kuliko mengine yote.

"Mama."

Akatazama mlangoni.

Wote tuligeuka tukatazama mlangoni, Mama Mdogo, hata mimi ninayejua uko wapi. Ningeweza kusema hayupo, ningeweza kusema yuko kazini mbali, anakusalimu. Sikusema. Ticha naye hakusema, nilimwona amekaza mabega. Tukakaa hivyo, na yeye anatazama mlango, halii, anasubiri tu jibu kama alivyosubiri majibu ya wengine. Mwisho Mkia ndiye aliyesema, polepole, "Hajafika."

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwamba amesikia. Akavuta pumzi, tukaona neno jingine linapanda.

"Tum... subiri."

Basi tukakusubiri. Hakuna aliyechukua begi. Yule dereva ambaye hana nafasi alikusubiri. Baadaye Ticha akamwambia kwamba tutaendelea kukusubiri, wengine nyumbani, wengine hapa, naye akakubali, akashuka kwenye kiti, akaishika fremu yake, akatoka juu ya ule ubao mbele ya watu wote. Sikumshika. Kibarazani dereva alinikuta nafunga viatu vya Mheshimiwa, akaniuliza wewe ni dada yake. Nikamwambia ndiyo, mimi ni dada yake. Sentensi nzima, kwa mgeni, mlangoni. Naona huo mtihani mwingine nimeufaulu.

Sasa nirudi kwenye nyumba ya bweni. Sisemi ni pabaya. Ticha mwenyewe alimwambia Mama kwamba wapo wataalamu kule wa mazoezi ya miguu na wa kufundisha kutamka, na kwake mtaalamu anapita mara moja tu kwa mwezi. Hakuficha pia kwamba mwakani Mheshimiwa atamaliza chekechea, na shule kubwa ina ngazi hata kwenda chooni. Alichosema ni kwamba atakwenda pamoja na Mama kumwona mkuu wa shule hiyo, na seremala amesema ngazi ni mbao tu. Hayo uyapime wewe. Mimi najua ninachotaka na utakuwa umeshakijua, ila sikuandika kwa ajili ya hicho.

Niliandika kwa ajili ya jana. Mama na Baba walikuwa wanaongea mezani kuhusu jibu lako, wewe utasema nini, wao waseme nini, Ticha amesema nini. Mheshimiwa yuko pale pale anakunywa chai yake. Nikasema, nikiwa nimeangalia sahani, kwamba yeye mwenyewe hajaulizwa. Baba aliacha kutafuna. Sidhani kama alishangazwa na maneno yenyewe, alishangazwa na aliyeyasema. Kisha akaweka kijiko chini, akakalia mikono yake, na Mama akakalia yake. Baba ndiye aliyemweleza, kwa lugha rahisi, huku kuna hivi, kule kuna vile, wenzako ni hawa, wenzako watakuwa wale. Akamuuliza unataka wapi.

Alifikiria sana. Tukamwona anafikiria. Jibu lilipokuja halikuwa huku wala kule. Alisema, "Nita... mwambia... Mama."

Baba alimbembeleza atudokeze kidogo tu. Akakataa kwa kichwa, akaendelea na chai.

Kwa hiyo sijui, Mama Mdogo. Nimejaribu kukisia nikakumbuka maziwa, nikaacha.

Mama anakusalimu sana na anasema usiwaandikie hao watu wa bweni kwanza. Baba anakusalimu, na ukuta wake. Bibi anakusalimu, anauliza kama huko unakula au unashona tu. Shangazi naye anataka ujue kwamba mikono ya lile gauni inaweza kuongezwa kitambaa. Ticha anakusalimu kwa heshima, na Mkia anakusalimu bila kukujua. Nami naomba unisalimie huyo mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, umwombe radhi mapema kwa simu itakayokuwa ndefu.

Tutakupigia Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 25, barua ikiwa imeshakufikia, mchana utakapokuwa umepumzika. Hutanisikia mimi. Mama atabonyeza namba, kisha simu ataiweka mbele ya mwanao na sote tutakaa. Utasikia kimya. Usidhani mtandao umekatika, usiseme halo halo, usimuulize kama amekula. Iweke simu mezani, kalia mikono yako, hata kama machozi yanakutoka yaache yatoke. Ataanza kwa kukuita. Likifika neno hilo mjibu kwamba upo, halafu usubiri.

Mungu akushike mgongo na moyo, na akufikishe Jumapili salama.

Ni mimi nikupendaye kuliko ninavyoweza kulisema kwenye simu,

Kobe.